Mboga za Panda: Kustawi Si Kuwa Salama

Mimea ina mbinu za kuishi penye chumvi na penye shaba. Huko Likasi, mji wa madini wa Haut-Katanga nchini Kongo, ambako bustani zimepakana na viwanda, anayepanda na anayekula wote wanahitaji kuzielewa mbinu hizo.

Kiangazi kinapoingia Haut-Katanga, mvua hukatika kuanzia Mei hadi Septemba, na kilimo cha mboga huteremka mabondeni kufuata unyevu. Katika Panda, mojawapo ya komine nne za mji wa Likasi, msimu huo ndio wa matuta ya lengalenga, ngai-ngai, matembele, vitunguu na kabeji ya Kichina, yakimwagiliwa kwa ndoo asubuhi na jioni. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya akina mama. Mavuno yake huishia sokoni na kwenye sahani, pembeni ya bukari, yaani ugali.

Jirani wa matuta hayo ni viwanda. Mwaka 1929, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha huko Shituru kiwanda cha kuyeyusha mawe ya madini kwa asidi ya salfuriki na kuitoa shaba kwa nguvu ya umeme. Panda nayo ilikuwa na mitambo yake ya kuyaandaa mawe hayo. Mji uliitwa Jadotville hadi 1966. Mwaka uliofuata kampuni ikataifishwa, na ndipo ilipozaliwa kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Kwa miongo mingi maji ya viwandani, yenye salfeti na masalio ya shaba na kobalti, yameteremka kwenye vijito vya mji kuelekea mto Lufira, na mbele zaidi kwenye ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha.

Zamani mfanyakazi wa kampuni alipokea posho ya unga, na bustani ilikuwa nyongeza tu. Hali hiyo ilikwisha. Uzalishaji wa Gécamines uliporomoka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Jembe likawa mshahara wa watu wengi, na ardhi iliyokuwa karibu, yenye maji, ikalimwa bila kuulizwa historia yake.

Mkulima huusoma udongo kwa kuutazama mmea. Mche ukidumaa, udongo ni mbovu. Ukinyanyuka na kutanda majani ya kijani, udongo ni mzuri. Kwa vizazi vingi kipimo hicho kimetosha. Panda hakitoshi tena, kwa sababu mmea unaweza kujilinda vizuri na bado ukamwachia mlaji sumu uliyojilinda nayo.

Somo la kwanza ni chumvi

Mmea unavyoishi katika udongo mbaya umechunguzwa zaidi kwa upande wa chumvi ya kawaida, ile ya sodiamu na kloridi, kwa kuwa ndiyo inayoharibu mashamba mengi duniani. Katanga nayo ina mfano wake. Huko Mwashya, kando ya Lufira, kuna chemchemi zenye maji ya chumvi. Muda mrefu kabla ya faranga kuingia, chumvi ya Mwashya ilisafiri kwa biashara mbali na nchi ya Wasanga, kama shaba ilivyosafiri. Katika chemchemi hizo anaishi samaki aina ya perege, ambaye wanasayansi walimwita mwaka 1948 kwa jina linalotokana na makazi yake, Oreochromis salinicola. Mimea ya kandokando nayo imebidi ijifunze kuishi na maji hayo.

Chumvi huuumiza mmea mara mbili. Pigo la kwanza ni kiu. Chumvi ikizidi nje ya mzizi, maji hayaingii kwa urahisi, na mche hunyauka huku udongo umelowa. Pigo la pili huja taratibu: sodiamu hupanda na maji hadi kwenye majani, huchukua nafasi ya potasiamu ambayo seli inaihitaji, na majani ya zamani huanza kuungua kuanzia kwenye kingo.

Mimea inayovumilia ina njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuzuia mlangoni: mzizi huchuja sodiamu na kuirudisha nje. Ya pili ni kufungia: chumvi iliyopita huingizwa katika vakuoli, kifuko kilichomo ndani ya kila seli, ambacho hufanya kazi kama stoo yenye kufuli, na sehemu nyeti za seli hubaki salama. Ya tatu ni kutema. Watu wa pwani ya Waswahili wanaziona njia hizi kila siku katika mikandaa: mkoko huchuja chumvi kwenye mizizi, ilhali mchu huisukuma hadi juu ya jani, na ukiramba jani lake utaionja.

Mazao ya shambani hayana uwezo huo kwa kiwango kimoja. Chumvi ya udongo hupimwa kwa jinsi inavyopitisha umeme, katika kipimo cha desisimensi kwa mita, ambapo maji ya bahari hufikia takriban 50. Kwa vipimo vilivyokusanywa na Maas na Hoffman nchini Marekani mwaka 1977, maharagwe huanza kupunguza mavuno udongo ukivuka 1.0, vitunguu 1.2, mahindi 1.7, nyanya 2.5 na mpunga 3.0. Pamba husubiri hadi 7.7 na shayiri 8.0, na vipimo vya baadaye viliipa kunde 4.9. Kwa hiyo mama aliyepanda maharagwe na kunde kwenye tuta moja, akamwagilia maji yale yale, anaweza kuona maharagwe yakinyauka na kunde zikitamba, wala hakuna uchawi ndani yake.

Uvumilivu huo una gharama. Kusukuma chumvi nje au kuifungia ndani hula nguvu ambayo ingejenga punje. Ndiyo maana watafiti wengi hupendelea njia ya kuzuia mlangoni. Mwaka 2012, watafiti wa Australia walitangaza kwamba jeni kutoka kwa aina ya kale ya ngano, inayozuia sodiamu isipande hadi majani, iliongeza mavuno ya ngano ngumu kwa asilimia 25 katika shamba lenye chumvi. Mlaji hana cha kuogopa katika ngano hiyo, na hata mmea wa chumvi ukihifadhi sodiamu katika majani yake, ulimi wetu utaigundua. Madini ya Panda hayana ladha ya kutuonya.

Vilima visivyo na miti

Mjiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipopita Katanga mwaka 1892, alikuta kwamba vilima vya shaba hujitambulisha kwa mbali: katikati ya miombo, kilima chenye madini kilisimama kimevaa nyasi na vichaka vifupi tu. Wenyeji walilijua hilo tangu zamani. Wao ndio waliochimba malakaiti katika vilima hivyo, wakayeyusha shaba na kuimimina katika umbo la misalaba iliyotumika kama mali na mahari.

Vilima hivyo havikuwa vitupu. Wataalamu wa mimea wameorodhesha aina zaidi ya 600 kwenye udongo wa shaba na kobalti wa Katanga, na kadhaa kati ya hizo hazioti popote pengine duniani. Paul Duvigneaud na Simone Denaeyer-De Smet walichapisha mwaka 1963 uchunguzi wao mkubwa juu ya shaba na uoto wa Katanga, na François Malaisse akaiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi kutoka Lubumbashi. Mmea mmoja, Haumaniastrum katangense, umepewa jina la ua la shaba. Huota palipo na shaba nyingi hata pasipo na mgodi, na wanaakiolojia wameutumia kutafuta mahali ambapo wahunzi wa kale waliyeyushia shaba.

Ukilinganisha mimea hiyo na ile ya chumvi, utaona undugu wa mbinu. Mingi huzuia: mizizi huishika shaba kwenye kuta za seli zake na kuruhusu kiasi kidogo tu kupanda. Mingine huifunga kwa asidi za asili au protini ndogo zinazoikumbatia, kisha kuitupa katika vakuoli. Mmea unahitaji shaba kidogo ili uishi, takriban miligramu 5 hadi 20 katika kilo ya majani makavu, na zikizidi sana vimeng'enya vyake huharibika.

Mimea ya vilimani ilipata muda mrefu wa kuzoea. Lengalenga na kabeji ya Kichina hazikupata. Zilizaliwa kwenye udongo mwingine, zikachaguliwa na binadamu kwa ulaini wa majani na wepesi wa kukua, kisha zikapandwa katika bonde ambalo mto umekuwa ukilibebea masalio ya kiwanda. Mmea wa namna hiyo hufanya uwezavyo kwa silaha ulizorithi, na kinachoupata hutegemea madini yenyewe.

Shaba hujitangaza, kobalti hupita kimya

Mwaka 1980, mtaalamu wa udongo wa Marekani Rufus Chaney alieleza jambo ambalo kila mkulima wa mji wa madini angefaa kulijua. Alionyesha kwamba kati ya udongo na mlaji kuna kizuizi, na kizuizi hicho ni mmea wenyewe, lakini hakifanyi kazi kwa madini yote.

Shaba ni mfano wa kizuizi kinachofanya kazi. Ikizidi, huanza kuua mzizi. Mzizi unafupika, unakuwa mweusi, mche unadumaa, na majani yanakuwa ya njano kwa kukosa chuma. Mara nyingi mkulima hupoteza tuta lake kabla shaba haijafika katika majani kwa kiasi cha kumdhuru mtu. Hasara ni ya mfukoni, na udongo umetoa onyo lake waziwazi.

Kobalti na kadimiamu huvuka. Haya yanaweza kupanda hadi kwenye majani kwa kiwango kisichofaa kwa afya ya mtu, na mmea usionyeshe dalili yoyote. Tuta la kobalti linaweza kupendeza macho, na muuzaji akaapa kwa moyo safi kwamba mboga yake ni nzuri. Hakudanganya, kwani alichokiona ndicho alichokisema.

Wajapani walilijua hilo kwa maumivu. Katika mkoa wa Toyama, mto Jinzu ulibeba kadimiamu kutoka mgodi wa Kamioka hadi katika mashamba ya mpunga. Mpunga uliota, ukavunwa, ukaliwa. Waliokula kwa miaka mingi, hasa wanawake wenye umri mkubwa, waliharibika figo na mifupa yao ikawa laini, ikivunjika kwa kukohoa tu. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri rasmi kwamba chanzo kilikuwa kadimiamu ya mgodi. Kazi ya kuondoa na kubadilisha udongo wa mashamba hayo, zaidi ya hekta 800, ilimalizika mwaka 2012.

Kobalti ina historia yake pia. Mwaka 1965 na 1966, huko Quebec nchini Kanada, wanywaji wengi wa bia waliugua moyo ghafla na baadhi wakafa. Chumvi ya kobalti ilikuwa imetiwa katika bia ili povu lidumu. Walevi wale walikuwa na udhaifu mwingine wa lishe, na dozi yao haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na sahani ya mboga. Hata hivyo tukio lile lilionyesha kobalti nyingi mwilini inashambulia kiungo gani.

Katanga, ushahidi unatoka katika miili ya watu. Mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Walioishi umbali usiozidi kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi kuliko wa mbali, na viwango vyao vilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wasiofanya kazi ya madini. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2014, uliuliza kobalti hiyo inapita wapi. Kwa watu wazima chakula kilikuwa njia kubwa, mboga zikiwamo; kwa watoto, vumbi lilikuwa na sehemu yake nzito, kwa sababu mtoto hucheza chini na mkono wake uko mdomoni.

Kilicho ndani na kilicho juu

Kuna jambo moja ambalo sayansi ya mimea ya Katanga ililisahihisha, na jikoni linafaa kujulikana. Zamani iliripotiwa kwamba Haumaniastrum robertii, mmea mdogo wa udongo wa kobalti, huhifadhi zaidi ya miligramu 10,000 za kobalti katika kilo ya majani makavu. Baadaye watafiti, akiwamo Michel-Pierre Faucon, walirudia vipimo kwa uangalifu zaidi, wakiosha majani kabla ya kupima. Katika mimea mingi viwango vilishuka sana. Sehemu kubwa ya madini yaliyokuwa yakihesabiwa ilikuwa vumbi lililonata juu ya jani.

Matuta yaliyo kando ya barabara ya malori ya madini hupokea vumbi hilo kila siku ya kiangazi. Sehemu hiyo ya hatari iko mikononi mwa mpishi. Majani yaoshwe kwa maji safi zaidi ya mara moja, lengalenga lioshwe jani kwa jani, matembele yatikiswe ndani ya maji. Sombe, yaani majani ya muhogo, ioshwe kabla ya kutwangwa, kwa sababu ikishapondwa kinuni, vumbi limechanganyika na chakula na halitoki tena. Kilichoingia ndani ya jani kupitia mzizi hakioshwi kwa maji yoyote, na hapo dawa inatafutwa udongoni.

Chokaa ya Kakontwe

Chumvi ya kawaida ina nafuu moja: huyeyuka, na maji safi ya kutosha yanaweza kuisukuma chini ya mizizi. Shaba na kobalti havisafishiki hivyo. Vikishakamata udongo vinaweza kukaa kwa vizazi. Penga Penga, eneo la Lubumbashi lililoangukiwa na moshi wa tanuri lililowashwa mwaka 1911, limeonyesha jinsi ardhi inavyoweza kubaki uchi kwa miongo mingi.

Lakini madini yaliyomo udongoni yanaweza kufungwa. Kobalti hupenya kwenye mmea ikiwa imeyeyuka katika maji ya udongo, na huyeyuka zaidi udongo ukiwa na asidi. Udongo wa Katanga kwa asili una asidi, na kiwanda cha asidi hakikuupunguzia. Chokaa hupunguza asidi hiyo, na madini mengi hushikamana na chembe za udongo badala ya kuelea. Chokaa yenyewe haitoki mbali: mawe ya chokaa yanachimbwa Kakontwe, jirani na mji wa Likasi, na jina la Kakontwe limeingia hata katika vitabu vya jiolojia kama jina la tabaka la mawe hayo.

Mboji nayo ina kazi yake, maana shaba hushikwa kwa nguvu sana na mabaki ya mimea yaliyooza. Mwaka 2010, Mylor Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha jaribio lao juu ya udongo uliochafuliwa wa Katanga, ambapo nyasi tatu za asili zilipandwa pamoja na chokaa na mboji. Nyasi moja ya vilimani, Microchloa altera, ilionekana kufaa kuufunika udongo ule. Lengo la kazi hiyo halikuwa kuvuna chakula. Lilikuwa kuzuia udongo usipeperuke wala kusombwa, na hapo ndipo mimea yenye uvumilivu inapokuwa baraka kamili. Mahali pabaya sana pangefaa kupewa nyasi, mboga zikahamishiwa kwenye udongo salama.

Kwa bustani zilizo kati ya ubaya na uzuri, uchaguzi wa zao ni kinga. Kwa kawaida majani hukusanya madini zaidi kuliko matunda na punje. Mahindi, maboga, nyanya na bilinganya kwa hiyo ni chaguo la busara kuliko lengalenga katika tuta lenye shaka. Mazao ya mizizi hukaa ndani ya udongo ule ule, hivyo yamenywe na kuoshwa vizuri. Na maji yasichotwe kwenye kijito kinachopokea uchafu wa kiwanda pale palipo na kisima au chemchemi, kwa kuwa kila ndoo ya kiangazi huacha chumvi na madini yake udongoni jua linapokausha maji.

Chokaa isimwagwe kwa kubahatisha. Ikizidi, hufunga pia zinki, chuma na manganizi ambavyo mmea unavihitaji. Kila kitu hapa kinarudi kwenye kipimo.

Kipimo ni haki ya mkulima

Mama wa bustani wa Panda hana maabara. Hawezi kuiona kobalti, hawezi kuionja, na mmea wake hautamwambia. Kumwachia yeye peke yake jukumu la usalama ni kumbebesha mzigo wa watu wengine. Vyuo vya Likasi na Lubumbashi vina wataalamu wa udongo na mimea waliokwisha kuandika mengi katika majarida ya nchi za nje. Matokeo ya namna hiyo yanapaswa kurudi katika mitaa kwa Kiswahili chepesi, yakisema bonde hili lifae mboga za majani, hili lifae mahindi, hili lifunikwe nyasi.

Sheria ya madini ya Kongo, ya mwaka 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, inawataka wenye migodi kuchunguza athari kwa mazingira na kuirekebisha ardhi waliyoiharibu. Dunia inanunua zaidi ya nusu ya kobalti yake kutoka nchi hii ili magari yake yatembee kwa betri. Katika mnyororo huo mrefu wa fedha, gharama ya kupima udongo wa bustani, kusafisha maji kabla hayajaingia mtoni, na kumpatia mkulima magunia ya chokaa kutoka Kakontwe ni ndogo mno. Kutoifanya kazi hiyo ni uamuzi, na wanaoulipia ni watoto wanaokula bukari na mboga wasizozichagua.

Mimea ya Katanga imefanya sehemu yake kwa maelfu ya miaka: imejifunza kuishi juu ya shaba. Binadamu hana muda huo, na mwili wake hauna mchu wa kutema kobalti juu ya ngozi. Alicho nacho ni maarifa, maabara na sheria. Msimu wa mboga ujao ukifika, kila bonde linalolimwa Panda lipimwe na majibu yake yabandikwe sokoni, ili anayenunua fungu la lengalenga alinunue akijua limetoka katika udongo wa aina gani.